Wosia wa mume na mke: mlioandika na mliochelewa, tupeane uzoefu

Mama wa Kiamunyi

Hamjambo wapendwa. Jumamosi iliyopita mimi na baba watoto tulienda kwa wakili hapa Nakuru mjini, kila mmoja akatia sahihi wosia wake. Nimeona nianzishe uzi huu kwa sababu tulipokuwa tunatafuta mtu wa kutusimulia alivyofanya, hatukumpata. Kila tuliyemuuliza alishtuka: nani mgonjwa?

Kilichotusukuma ni yaliyompata dada yangu. Mwaka 2019 mume wake alianguka asubuhi akifunga kamba za viatu aende kazini, na hakuamka tena. Alikuwa na miaka 43. Ile ploti yao ya vyumba vinane upande wa Pipeline ilikuwa kwa jina la mume peke yake, ingawa dada ndiye aliyekuwa akipikia mafundi na kununua simiti kwa pesa za mitumba. Wiki mbili baada ya mazishi, ndugu za marehemu walikuwa wakipita mlango kwa mlango kukusanya kodi. Hatukujua wakati huo kwamba kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya korti ni kosa, na mtu anaweza kufungwa hadi mwaka 1. Tulinyamaza kwa sababu ya heshima.

Kesi ya mirathi ilichukua miaka mitatu. Huko kortini ndiko dada alikojifunza kuwa bila wosia, mjane mwenye watoto anapata vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa, lakini mali iliyobaki ana haki ya kuitumia tu maishani mwake, kisha inaenda kwa watoto. Alitaka kuuza chumba kimoja alipe karo ya kidato cha kwanza. Hakuweza bila kurudi kortini kuomba ruhusa.

Kwa hivyo mwaka huu tulichukua daftari ya mtoto ya hesabu, tukachora mstari katikati. Upande huu vyake, upande ule vyangu. Jamani, miaka kumi na nne ya ndoa na nilikuwa sijui kama amemdhamini mwenzake mkopo kwa sako. Naye hakujua nina ng'ombe wawili kwa mama yangu kule Molo. Usiku wa kwanza tulifunga daftari tukalala bila kuongea. Usiku wa tatu tulikuwa tunaongea hadi saa nane.

Jambo lililotushangaza ni shamba la kwao. Mzee wangu aliandika "ekari 2, Njoro" upande wake. Wakili akauliza, hati miliki ina jina la nani? La babu yake, aliyefariki zamani. Akatuambia hiyo bado si yako kuirithisha, ni mali ya babu mpaka mirathi ya babu ifunguliwe na kukamilika. Tuliifuta kwa wino mwekundu.

Limebaki jambo moja ambalo hatukuliandika, tumeacha nafasi kwenye rasimu ya nyongeza. Nitalisema baadaye. Nyinyi mlifanyaje?

Fundi wa Kondele

Dada, asante kwa kufungua hili. Mimi ni seremala, na wosia wa kwanza niliuandika mwenyewe usiku mmoja nikiwa na homa. Niliandika vizuri sana, nikataja kila kitu hadi randa na msumeno wa umeme. Mashahidi wangu walikuwa mke wangu na mdogo wangu, watu ninaowaamini kuliko wote duniani.

Miezi sita baadaye nikamwonyesha mteja wangu ambaye ni wakili, nilikuwa namtengenezea kabati. Akasoma, akaweka karatasi juu ya mbao, akaniambia: hapa umemnyima mke wako. Kumbe shahidi akiwa pia ni mrithi, kile ulichomwachia kinabatilika, isipokuwa kama kuna mashahidi wengine wawili wasiopata chochote. Karatasi yangu ilikuwa na hao wawili tu, na nyumba ya Mamboleo nilikuwa nimemwachia yeye.

Nikaandika upya. Safari hii mashahidi walikuwa jirani na mzee mmoja wa kanisa. Si lazima wasome kilichomo ndani. Kazi yao ni kukuona ukitia sahihi, au kukusikia ukikiri kwamba sahihi ile ni yako, kisha watie zao. Nilifunika maandishi kwa gazeti, nikaacha nafasi ya sahihi tu.

Baba yangu aliposikia, alisema nimekiita kifo nyumbani. Hakunisemesha kwa muda. Nilimwelewa, kwa sababu yeye alizaliwa wakati ambapo neno la mzee mbele ya ukoo lilitosha.

Jirani wa Kibuye

Naomba kuuliza, ni lazima wakili? Sisi wauza samaki hatuna hizo pesa.

Mama wa Kiamunyi

Si lazima, mama. Sheria inataka uwe mtu mzima mwenye akili timamu, uandike, utie sahihi au alama ya kidole, na mashahidi wawili. Sisi tulienda kwa sababu ya ardhi. Ila rafiki yangu mmoja ameandika wake kwa kalamu kwenye fulskepu na mashahidi wawili, na uko sawa.

Mtoto wa Kimilili

Kuhusu neno la mzee mbele ya ukoo, wacha niseme yetu. Baba alituita wote Desemba, akachinja, akasimama chini ya mwembe akatuonyesha kwa fimbo: wewe kuanzia hapa hadi kwa mfereji, wewe ule upande wa migomba. Watu zaidi ya ishirini walisikia. Mama alipewa nyumba na ekari ya mbele.

Alifariki mwezi wa tano. Korti ilikubali kwamba alisema, hakuna aliyebisha. Lakini wosia wa mdomo unasimama tu ikiwa aliyeutoa amefariki ndani ya miezi mitatu. Yake ilikuwa imepita mitano. Tukarudi kuwa familia isiyo na wosia, na ndugu yangu mmoja ambaye chini ya mwembe aliitikia kwa kupiga makofi, akageuka. Hadi leo mama haketi tena kwenye kivuli kile.

Mwalimu, Butere

Nina nyumba mbili. Nasema wazi ili wenzangu wenye hali hii wasome.

Mtu mwenye wake wawili asipoandika, sheria inagawa mali kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, na kila mke aliyebaki anahesabiwa kama mmoja zaidi. Nyumba kubwa ina watoto sita, ndogo ina wawili. Piga hesabu: saba kwa tatu. Wakati huohuo, shamba la miwa tulilinunua mimi na mama wa nyumba kubwa kabla sijaoa mara ya pili, na duka ni jasho la mama mdogo. Hesabu ya vichwa haijui hayo. Wosia unayajua.

Nilipotaja mabinti zangu, kaka zangu walikuja wanne. Waliniambia msichana anarithi alikoolewa. Niliwajibu kwa kesi ya Rono, ile ya mwaka 2005 ambapo Mahakama ya Rufani kule Eldoret ilikataa hoja kwamba binti apate kidogo kwa kuwa ataolewa. Na hata ningetaka kumnyima mtoto kabisa, anaweza kwenda kortini aombe sehemu inayomfaa, awe wa kike au wa kiume. Uhuru wa kuandika upo, lakini haukuruhusu kutupa watu wako.

Jambo la mwisho. Nilipokuwa napanga karatasi niliomba kuona fomu yangu ya sako. Jina la atakayepewa akiba yangu nikifa lilikuwa la mama yangu, niliyemwandika 1998 nikiwa kijana sijaoa. Mama alishatangulia zamani. Akiba ile inafuata jina lililo kwenye fomu, kwa hivyo wosia peke yake haungenisaidia. Nendeni mkaangalie fomu zenu wiki hii. Za sako, za pensheni, za bima, zote.

Bi wa Mumias

Assalamu alaikum. Kwetu Waislamu mambo yako tofauti kidogo, maana mirathi inagawanywa kwa hukumu ya dini na kadhi anaisikiliza. Marehemu akiwa ameacha watoto, mke hupata thumni, yaani sehemu moja kwa nane, na kama marehemu hakuacha mtoto mke hupata robo. Wosia hauwezi kuzidi theluthi moja ya mali, na haumwendei mtu ambaye tayari ni mrithi, isipokuwa warithi wengine wakiridhia.

Kwa hivyo mimi na mume wangu tulidhani wosia hautuhusu. Lakini tuna mtoto tuliyemlea tangu akiwa na siku tisa. Mama yake alifariki akijifungua, nasi tukampokea kwenye kanga. Ananiita mama, sina mwingine anayeniita hivyo kwa sauti ile. Katika mirathi hana fungu hata moja, kwa kuwa si wa damu yetu. Tuliposikia haya kwa ustadhi, mume wangu alitoka nje akakaa kwenye jiwe la kufulia.

Theluthi ile ndiyo njia yake. Tumeandika kila mmoja, mashahidi wawili waadilifu, kwamba theluthi ya mali ya kila mmoja wetu ni ya huyu mtoto.

Mjane, Ahero

Mimi ni upande wa pili. Mume wangu aliandika, na nimeshayapitia yote.

Aliniambia mara moja tu, tukipalilia, "karatasi iko." Hakusema iko wapi. Alipofariki, nakala tuliipata kwa rafiki yake aliyemtaja kuwa msimamizi, lakini ilikuwa fotokopi, na korti inataka ile halisi. Tulitafuta siku kumi na moja. Tulifungua godoro. Tulitoa kila shati kwenye sanduku lake. Mwishowe mjukuu alikuta faili ya plastiki nyuma ya magunia ya mpunga, panya wameshakula pembe moja. Wamekula hadi nusu ya neno "Ahero." Sahihi zilikuwa zima. Nilikaa sakafuni pale pale na hiyo karatasi mapajani.

Baada ya hapo mambo yalienda. Msimamizi akapeleka maombi, tangazo likatoka kwenye Gazeti Rasmi, siku 30 za mwenye pingamizi zikapita bila mtu kujitokeza, kisha miezi sita, ndipo korti ikathibitisha. Shemeji zangu walikuja na maneno, lakini ilikuwa sahihi ya ndugu yao na walikuwa wanaijua vizuri. Walisoma, wakakunja, wakaniachia.

Mkiandika, mwambieni mwenzako karatasi iko wapi. Mpeleke, aishike.

Kijana wa Nyalenda

Je, naweza kuandika nizikwe wapi? Mimi na mke wangu tunataka hapa Kisumu, si kijijini.

Fundi wa Kondele

Ndugu, andika, lakini usitegemee karatasi peke yake. Kumbuka kesi ya yule wakili, S. M. Otieno. Alifariki Desemba 1986, mjane wake Wambui alitaka amzike Matasia, Ngong, karibu na Nairobi, ukoo wake wa Umira Kager ukataka nyumbani kwao kijijini. Ilizunguka kortini hadi Mei 1987, akazikwa Nyalgunga, Siaya. Wosia unagawa mali. Mazishi hayana uhakika huo, mara nyingi ni watu wanaoamua. Waite wazee wako ukiwa mzima, mkeo akiwa ameketi kando yako, uwaambie kwa mdomo wako mwenyewe. Ukiwa unaweza, mara mbili.

Mpya kwa ndoa, Bungoma

Mimi niliandika wosia nikiwa sijaoa, nikawaachia wazazi ploti. Nimeoa mwaka jana. Upo bado?

Mwalimu, Butere

Hongera kijana. Haupo. Ukioa, wosia wa awali unafutika, isipokuwa kama uliandika ukitaja kwamba unatazamia kumwoa huyo huyo. Keti na mkeo muandike upya. Na wazazi bado unaweza kuwaweka ndani.

Mama wa Kiamunyi

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Bi wa Mumias, nimekulilia na mtoto wako. Mama wa Ahero, jana usiku nilimshika mzee mkono nikampeleka hadi kwenye kabati, nikamwekea faili mkononi.

Sasa lile tuliloacha wazi. Tuna watoto watatu, wa mwisho ana miaka minne. Wakili alituuliza, na ikiwa mtaondoka siku moja, nyote wawili, barabarani? Mzazi anaweza kumtaja mlezi wa watoto kwenye wosia. Mali tuliigawa kwa siku tatu. Hili lilituchukua wiki tano. Yeye anataka kaka yake, ana nyumba kubwa na gari. Mimi nilimtaka dada yangu, yule wa Pipeline, anayeishi vyumba viwili na ambaye maisha yamemchapa. Tulibishana hadi tukaanza kutaja makosa ya harusini.

Jana mzee alisema mwenyewe: twende kwa dada. Tukaenda jioni, akatutengea chai, tukamweleza. Nilidhani atalia au atasema msinitajie vifo tena. Aliweka kikombe chini, akafikiria, akauliza: "Huyu mdogo, bado anaogopa kulala taa ikiwa imezimwa?"

Nikamwambia ndiyo.

Akasema, "Basi mlete Jumamosi alale hapa, azoee."

Jumatatu tunaandika jina lake.