Wauza vifaa vya gofu Dar, acheni kutufungia gripu nene kwenye fimbo bila hata kutuangalia mikono!

Wakuu heshima kwenu. Wiki tatu najizuia kuandika maana nilijua nitaandika kwa hasira, ila leo asubuhi nimekosa kuingiza mipira minne ya mita mbili mbili kwenye raundi moja, mipira ambayo mwaka jana nilikuwa naweka bila kufikiria, na hendikapu (namba ya kiwango cha mchezaji, ikipanda ujue unacheza vibaya) inapanda tu, kwahiyo acha niseme.

Iko hivi. Gripu, yaani ile sehemu ya kushikia, ya fimbo yangu ya kupati (pata, ile ya kusukumia mpira shimoni) ilikuwa imeisha, ile ya mpira nyembamba ya kizamani, jua na jasho la Dar vimeikausha mpaka inateleza. Nikaenda duka moja la vifaa vya michezo hapa mjini, jina naliacha, nikamwambia muuzaji nataka kama hii hii. Akanicheka! Akasema hizo ni za wazee, siku hizi watu wote wanatumia nene, akaniambia yule Mmarekani Jordan Spieth alichukua mashindano makubwa ya Masters na US Open 2015 na gripu nene ya kampuni ya SuperStroke, Mkorea K.J. Choi naye alichukua Players Championship 2011 na dude nene kama mchi. Na ni kweli kabisa, sibishi. Ila mbona hakuniambia kwamba Tiger Woods kachukua mataji yake makubwa mengi na gripu nyembamba ya mpira ya kampuni ya Ping? Mbona hakuniambia Spieth anaweka mkono wa kushoto chini, mimi naweka wa kulia? Hakuniuliza nashikaje. Hakuniomba hata nishike fimbo nipige mipira miwili pale kwenye kapeti. Hakuangalia mkono wangu, na mimi mikono yangu midogo, glovu navaa saizi S. Laki moja na themanini ikaondoka hivyo.

Sasa tuelewane, gripu nene sio mbaya. Kazi yake ni kutuliza viganja na vifundo vya mikono, mtu ambaye mkono wa kulia unamruka anapogusa mpira inamsaidia sana, nimeona kwa macho yangu jamaa wawili klabuni wamepona. Mimi huo ugonjwa sina jamani! Shida yangu siku zote ni umbali, kujua mpira wa mita kumi na tano niusukume kiasi gani, na hiyo naipimia kwenye vidole. Ukiniwekea kitu kinene vidole vinakuwa vimekufa, na grini (nyasi fupi zinazozunguka shimo) zetu za huku Pwani nyingi ziko taratibu, lazima uusukume mpira kweli, sio zile za kwenye tivi ukigusa tu unateleza wenyewe. Tangu nifunge hii napati mara tatu kila baada ya mashimo mawili.

Halafu uzito, hapa ndo nilipochukia zaidi. Vipande vya ile gripu ya zamani niliondoka navyo, nikaviweka kwenye mzani wa jikoni, gramu 62. Mpya kwenye boksi imeandikwa 110. Yani ameniongezea karibu gramu 50 juu kwenye mikono, kwahiyo kichwa cha fimbo nakisikia chepesi kama hakipo, wanaojua mambo ya uzito wa fimbo wanasema kila gramu tano hivi ukiongeza kwenye gripu, kichwa unakisikia chepesi kwa pointi moja nzima ya kipimo chao, sasa piga hesabu mwenyewe. Na zipo nene ambazo ndani ni povu, nyepesi kabisa, angenipa hiyo angalau. Alijua? Sidhani, kwasababu nilipomuuliza uzito akaniambia "zote sawa tu mkuu". Sio sawa! Kasome boksi unalouza!

Bado sijafika kwenye ufundi. Fundi wao kanifungia ndani ya nusu saa, akanipa fimbo bado inanuka petroli, akaniambia kacheze. Ile tepu ya pande mbili inayoshika gripu na dawa yake ya kuiteleza inatakiwa ikae mpaka ikauke vizuri, ukilaza usiku mmoja ndo salama zaidi, na badala ya petroli watu wengi wanatumia waiti spiriti, ipo kwenye maduka ya rangi. Nikaweka kwenye buti la gari, joto la Dar mnalijua, gripu ikazunguka.

Aliyegundua tatizo ni mzee mmoja kedi (mbeba fimbo), wa siku nyingi. Kaichukua pata yangu, kaweka uso wa kichwa cha fimbo kwenye mstari wa vigae pale nje ya chenji rumu, akaniambia, "Bosi, hii imekaa upande, usijilaumu." Nilitaka kulia. Maana gripu ya pata sio duara kama ya fimbo nyingine, sheria inairuhusu iwe na ubapa mbele pa kulaza vidole gumba, na ule ubapa lazima ukae pembe mraba na uso wa fimbo. Wangu umegeukia kulia, kwahiyo vidole vikikaa sawa uso unaangalia kushoto. Digrii mbili tu kwenye mita mbili ni sentimita saba, na shimo zima upana wake ni sentimita 10.8, ukilenga katikati tayari umetoka nje. Wiki tatu nalipia mazoezi, nabadilisha stensi (namna ya kusimama), naambiwa nainua kichwa, kumbe gripu!

Nimerudi dukani wananiambia ikishafungwa hairudishwi. Kosa la kunipa kabla haijakauka ni langu?

Jumamosi naikata na kisu. Natafuta ya mpira, nyembamba au ya kati, isizidi gramu 75, isiwe ya ngozi maana kwa jasho letu hili itaoza. Mwenye kujua duka Dar au Arusha wanaokuacha ujaribu kabla ya kulipa, au fundi anayechora mstari kwenye shafti (mti wa fimbo) kabla ya kufunga na kukwambia rudi kesho, naomba aniambie hapa hapa. Na kama kuna mwingine gripu imemkalia upande kama mimi aseme, kaiweke ya kwako kwenye mstari wa vigae leo uone.