Kupima joto ndani ya injini ndogo ya Stirling: bastola ya miale, themista au themokapo?

MwalimuKitete (Tabora)
Habari za jioni wakuu. Nafundisha fizikia hapa Tabora mjini. Vijana wangu wa kidato cha tano wameunda injini ya Stirling, ile inayoendeshwa na hewa iliyofungiwa ndani, inayopashwa moto upande mmoja na kupozwa upande wa pili. Kopo la maziwa ya unga ndiyo silinda, kisukumio cha ndani ni bonge la stilwaya ya kusugulia sufuria, pistoni ni mpira wa puto uliobanwa kwenye kipande cha bomba, na moto ni koroboi. Inazunguka kama mara 300 kwa dakika, na darasa zima hupiga makofi kila ikiwaka. Sasa wanauliza: hewa ya ndani ina nyuzi ngapi upande wa moto, na ngapi upande wa baridi? Nina bastola ya kupima joto kwa miale, themista (vipande ambavyo ukinzani wake wa umeme hubadilika kwa joto) za dukani kwa fundi redio, na themokapo ya aina ya K (nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa ncha, zinazotoa volti ndogo kwa joto) iliyokuja na maltimita. Nitumie ipi, na niiingizeje bila kuiua injini?

FundiGungu (Kigoma)
Mwalimu, bastola iweke pembeni kwa swali hilo. Inasoma uso wa bati tu, hewa ya ndani haiioni. Na bati linalong'aa linatoa miale michache, kwa hiyo utasomewa joto la chini mno kuliko lililopo. Ukitaka kujua joto la ukuta, paka masizi ya koroboi mahali pamoja, kisha ondoa moto na usome hapohapo. Ile ya kupima homa usiiguse kabisa kwa kazi hii, imetengenezwa kwa joto la mwili.

DadaKatubuka (Kigoma)
Naongeza la themista. Nimezitumia kwenye kikaushio cha dagaa na sina malalamiko, ni rahisi na zinaonyesha hata mabadiliko madogo. Ila za kawaida zinaishia karibu nyuzi 125, zikivuka hapo zinaharibika. Mwalimu aziweke upande wa baridi tu.

Kuna mtu atakutajia PT100, kipima joto cha platini ambacho ukinzani wake hupanda kwa joto. Ni sahihi sana: omu 100 kwenye nyuzi 0, na omu 138.5 kwenye nyuzi 100. Lakini zinazouzwa nyingi ziko ndani ya bomba la chuma nene kama penseli. Ukilichomeka kwenye kopo dogo umekula nafasi ya hewa na umeongeza chuma cha kunyonya joto. Halafu kila omu moja ya waya wako wa kuunganishia inakuongezea nyuzi 2.6 za uongo.

MzeeIpuli (Tabora)
Mwanangu Mwalimu, themokapo. Ila usiingize ile yenye ala ya chuma. Chukua nyaya tupu za aina ya K, nyembamba kadiri utakavyopata, sokota ncha mbili pamoja na uziunganishe kwa cheche: betri ya gari, upande mmoja kwenye nyaya, upande wa pili kwenye kile kijiti cheusi cha katikati ya betri kavu. Gusa mara moja, kinatokea kidonge kidogo kama kichwa cha pini. Vaa miwani.

Wembamba ndio roho ya kazi yenyewe. Ncha nene inachelewa kupata joto la hewa, na vilevile inapokea mnururisho kutoka kwenye ukuta wa moto, kwa hiyo inakusomea kitu kilicho kati ya hewa na bati. Nyembamba inakaribia hewa.

Lakini elewa unachopima. Mara 300 kwa dakika ni mizunguko mitano kwa sekunde, yaani hewa inapanda na kushuka joto kila baada ya milisekunde 200. Waya wa robo milimita hauwezi kukimbizana nayo, wala maltimita haiwezi. Utapata wastani tu. Kwa kidato cha tano wastani unatosha kabisa.

Tundu litoboe upande wa baridi, nyaya zipitie pembeni ya kisukumio hadi karibu na kitako cha kopo, penye moto, uhakikishe hazisuguani nacho. Ziba kwa silikoni nyekundu ya gasketi. Tundu la upande wa moto litakusumbua, kwa sababu silikoni iliyo karibu na moto haidumu, na uvujaji mdogo tu unaisimamisha injini ya namna hii.

MwalimuKitete (Tabora)
Shikamoo Mzee, na asante. Nimetengeneza mbili jana. Kabla ya kuzifunga nikazijaribu: kwenye barafu inayoyeyuka zote zimesoma 0 au 1, lakini kwenye maji yanayochemka zimekwama 96. Nimezichoma upya, bado 96. Kosa liko wapi?

DadaKatubuka (Kigoma)
Hakuna kosa, Mwalimu! Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji huko huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Hata sisi hapa kando ya ziwa, mita zisizofika 800, yanachemka kwenye 97 na kitu. Themokapo zako ni nzima.

MwalimuKitete (Tabora)
Nimefarijika sana, nilikuwa karibu kuzitupa. Leo tumefunga. Ukuta wa nje uliopakwa masizi: 410. Hewa karibu na kitako: 245. Upande wa baridi, penye kitambaa chenye maji: 62. Vijana wakapiga hesabu ya Carnot, inayotoa ukomo wa ufanisi wa injini ya joto, kwa kelvini (nyuzi jumlisha 273). Kwa joto la ukuta, ukomo wa ufanisi unatoka asilimia 51. Kwa joto la hewa yenyewe, asilimia 35. Binti mmoja akanyamaza kidogo, akauliza: "Kwa hiyo joto lote hilo linakwama kwenye bati?"

MzeeIpuli (Tabora)
Marahaba. Mwambie ameona sawasawa, hewa hupokea joto kwa shida na muda wenyewe ni mfupi. Wapachike vipande vya waya wa shaba ndani ya kitako kuongeza eneo la kugusana na hewa, kisha mpime tena mahali palepale. Utujuze hiyo 245 imefika ngapi.

FundiGungu (Kigoma)
Na nyaya mkizirefusha, msitumie za shaba hadi kwenye mita. Tumieni za aina ya K zilezile. Namba ikishuka mnapowasha moto, mmegeuza pande.