Miti 1,500,000 kila halmashauri: na sisi wa nchi ya majani tupande?

Morani wa Terrat
Wakuu, salaam. Kama mnavyojua, kila halmashauri nchini inatakiwa kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka. Rungwe yenye mvua za kumwaga ina lengo hilo, na Simanjiro yetu hivyo hivyo. Juzi lori la miche limepita hapa kijijini, ndiyo maana naleta mada.

Uwanda wa Simanjiro uko wazi tangu enzi za babu zetu. Mvua zikianza, nyumbu na pundamilia wa Tarangire wanatoka hifadhini wanakuja kuzalia huku. Wanafuata majani yenye madini, hasa fosforasi, ambayo majike wanaonyonyesha hawayapati ya kutosha kule mtoni. Ng'ombe wetu wanakula majani hayo hayo. Kuna kampuni za utalii zimekuwa zikikilipa kijiji ili uwanda ubaki malisho na usilimwe. Sasa serikali inaleta miche tuufunike.

Naomba tujadili: agizo la miti linafaa kwenye nchi ya majani? Maana watu wa mlimani wakiona nchi haina miti wanadhani haina mwenyewe.

Mangi wa Kibosho
Nimekusoma kwa utulivu mpaka sentensi ya mwisho. "Watu wa mlimani" ndio kina nani? Sisi ambao babu zetu walichimba mifereji na kutunza misitu ya vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, wakati wengine wanahama na mifugo? Maji yanayoshuka mpaka kwenu huko chini yanatoka kwenye msitu wetu.

Na kwa kuwa umetaja mlima, twende huko huko. Kila kiangazi nikisimama barabarani juu nikitazama upande wa Sanya hadi Tingatinga, naona moshi. Nani anawasha? Oktoba 2020 Kilimanjaro iliwaka siku nyingi, zikaungua kilomita za mraba zipatazo 95. Tulipanda na mapanga na matawi kuzima, wanafunzi na wanakijiji. Mtu anayechoma nchi yake kila mwaka asinifundishe mimi uhifadhi.

Nai wa Longido
Kaka yangu wa Kibosho, shika adabu kidogo. Moto wa 2020 haukuwashwa na mfugaji. Maelezo ya mwanzo yaliyotolewa wakati ule yalitaja wapagazi waliokuwa wakipasha chakula eneo la Whona. Hapo hakuna ng'ombe wala boma. Usitubebeshe mzigo wa mlima wako.

Mpagazi Mstaafu
Dada Nai, nimekaa kimya lakini hapo umenigusa. Mpagazi ndiye mtu wa kwanza kulaumiwa mlimani, kwa kila kitu. Mzigo kilo ishirini mgongoni, chakula mlo mmoja, baridi ya Horombo unaijua? Akipasha ugali anaitwa mchoma mlima. Mbona warina asali hamuwataji, wanaoingia na vienge vya moto msituni? Moto wa Oktoba 2022 kule karibu na kambi ya Karanga, mmesahau nani walikuwa wa kwanza kuukimbilia?

Nai wa Longido
Sikukulaumu wewe, baba. Nimesema yaliyotangazwa. Shikamoo.

Mpagazi Mstaafu
Marahaba. Lakini maneno yakishatangazwa hayarudi.

Mwalimu wa Njiro
Naomba nirudishe kidogo kwenye moto, maana mnauongelea kama ni kitu kimoja. Moto wa juu ya mlima na moto wa uwandani ni vitu viwili.

Juu ya Kilimanjaro moto ni maafa. Mwanaikolojia Andreas Hemp amefuatilia mimea ya mlima ule kwa miaka mingi, na anaonyesha kuwa moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita. Ile miti ndiyo inayokamata ukungu na kuudondosha chini kuwa maji, kwa hiyo Mangi ana haki ya kuumia.

Uwandani mambo ni mengine. Angalieni kreta ya Ngorongoro. Wamasai walipoondolewa na mifugo yao chini mule miaka ya themanini, uchomaji ukakoma. Majani yakawa marefu na makavu, magugu yakaongezeka, kupe wakajaa. Mwaka 2000 na 2001 nyati, nyumbu na hata simba walikufa kwa wingi. Wahifadhi wenyewe ndio walioanza kuchoma kwa mpango kuanzia 2001, na kupe wakapungua.

Laibon Mdogo
Mwalimu, ni 1974 walipoondolewa, si themanini. Bibi yangu alitoka mule akiwa na mtoto mgongoni. Mwaka huo kwetu hausahauliki.

Mwalimu wa Njiro
Hoja ni ile ile: majani yanahitaji kuliwa, kukanyagwa na mara moja moja kuungua. Marekani walikuwa na mbuga za majani marefu kutoka Texas hadi Kanada. Wakawaua nyati wao, makumi ya mamilioni, hadi mwisho wa miaka ya 1880 wakabaki chini ya elfu moja. Wakazuia moto, wakalima. Leo majani marefu yaliyosalia hayafiki hata asilimia tano ya yale ya awali. Kipande kikubwa kilichopona kiko vilima vya Flint Hills, Kansas, kwa sababu chini ni mawe na plau ilishindwa. Wafugaji wa kule mpaka leo wanachoma kila majira ya kuchipua. Mahali walipoacha kuchoma, miti jamii ya mtarakwa imevamia na ndege wa mbugani wamehama.

Mangi wa Kibosho
Kansas si Tingatinga. Kule mtu anachoma shamba lake, ana trekta la maji limesimama pembeni na kibali mfukoni. Kwetu mtu anatupa njiti anaondoka na mifugo. Na hamjajibu la maji. Miti inaleta mvua, hata mtoto wa darasa la nne anajua.

Afisa wa Halmashauri (si msemaji)
Nafanya kazi halmashauri moja ya huku kaskazini, naongea kwa nafsi yangu. Agizo halisemi mpande mikaratusi katikati ya malisho. Kuna shule hazina kivuli, kuna zahanati, kuna kingo za makorongo, kuna watu wanafuata kuni saa nzima. Miti ya huko inahitajika kweli. Shida ni kwamba juu wanauliza namba. Hakuna safu kwenye fomu ya kuandika "tumehifadhi hekta kadhaa za majani". Ukiandika hivyo unaonekana hujafanya kazi. Kwa hiyo miche inakwenda mahali penye nafasi, na penye nafasi ni uwandani.

Morani wa Terrat
Asante afisa, umesema ukweli ambao tunaujua siku zote. Nenda kachimbe shimo la mche pale uwandani. Futi mbili chini bado jembe linakata mizizi ya majani, myembamba kama nywele, imeshikana hadi udongo unatoka bonge zima. Hapo ndipo mvua inapohifadhiwa. Pembeni utakuta mche wa mwaka uliopita: kijiti kikavu, kiriba bado kimo, hakikuvuliwa hata siku ya kupanda. Aliyepanda alipiga picha akaondoka. Shimo lake sasa limeota gugu karoti, na hilo ng'ombe hali, na ukilishika linawasha ngozi.

Na Mangi, maji: kwako msituni mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Kwangu ni kama 600. Usinipimie kwa kibaba chako.

Mwalimu wa Njiro
La maji limeshapimwa, Mangi. Milima ya Drakensberg, Afrika Kusini, pale Cathedral Peak, walipanda misindano kwenye bonde lililokuwa la majani wakapima kijito kabla na baada. Maji yalipungua sana. Nchi hiyo tangu 1995 ina mpango wa serikali wa kuwalipa watu kukata miti vamizi ili mito irudi. Msitu wa asili unaokamata ukungu ni jambo moja. Msindano au mkaratusi kwenye nchi kavu ni jambo lingine, unakunywa mwaka mzima.

Mama Mabingobingo, Himo
Wanaume mnabishana juu ya majani ambayo mnayaona kwa macho tu. Mimi nina ng'ombe wawili wa zizini. Mabingobingo ya kihambani yakiisha mwezi wa nane, natafuta majani ya tambarare. Pikapu inatoka Kahe imejaa hadi juu ya kichwa cha dereva, tunagombania tukiwa tumesimama barabarani. Wachaga wengi tunafuga kwa majani ya huko chini. Mangi, na wewe ng'ombe wako anakula majani ya tambarare, usijifanye. Na huko Kahe sasa hivi mti wa prosopis umeziba malisho, ule Wakenya wanaouita mathenge. Uliletwa kama mti wa faida, kivuli na kuni. Miiba yake inatoboa tairi. Mkileta mti, mseme ni mti gani.

Mangi wa Kibosho
Mama, heshima yako naipokea. Lakini ng'ombe wangu hali majani yaliyoungua.

Msukuma wa Sakina
Jamani, kwetu Shinyanga tulishapita hapa. Mwalimu Nyerere alipoona hali ya mkoa, mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni walileta miche ya vitalu. Kilichofanya nchi irudi zaidi ni ngitili, utaratibu wa wazee: unafunga eneo wakati wa mvua, unalifungua kiangazi majani yakiwa yamekomaa. Migunga iliyokuwa visiki ikachipua yenyewe. Hakuna kiriba. Nadhani na Wamasai mnao.

Nai wa Longido
Tunao, tunaita alalili. Na olokeri, malisho ya ndama karibu na boma. Ukame wa 2021 na 2022 ulipokuja, mahali alalili zilipoheshimiwa ng'ombe walidumu wiki kadhaa zaidi. Mahali watu walipokuwa wamelima au kuuza, mizoga ilipangana barabarani. Nimeiona, na harufu yake sijaisahau.

Kijana wa Unga Ltd
Kwa hiyo kosa ni mashamba sasa? Watu wakale wapi? Maharage ya Lolkisale mnayokula mjini yanaota hewani?

Laibon Mdogo
Hakuna aliyesema watu wasilime. Mashamba makubwa ya maharage yalianza kufunguliwa huko miaka ya themanini kwa ajili ya kuuza nje, na hayakuwa ya wananchi wadogo. Nyumbu wa Tarangire walikuwa makumi ya maelfu, wakashuka hadi elfu chache. Njia zao zimekatwa moja moja. Iliyobaki upande wa Kwakuchinja nayo inapita kati ya nyumba.

Mangi wa Kibosho
Mnahama hama. Swali langu limebaki pale pale: nani anawasha moto chini ya mlima mwezi wa tisa na wa kumi, upepo ukiwa unapandisha? Nikijibiwa hilo, miti yenu pandeni au msipande.

Nai wa Longido
Nakujibu bila hasira. Wazee walichoma mapema, mvua zikiwa zimekatika lakini majani yana unyevu. Moto huo unapita upesi, mizizi inabaki, kupe wanakufa, na ukifika mahali palipoliwa unazimika wenyewe. Siku hizi kuchoma bila kibali ni kosa, kwa hiyo anayetaka majani mabichi anasubiri hadi watu wamelala, mwezi wa kumi, kila kitu kimekauka, anawasha anakimbia. Huo ndio moshi unaouona. Ukikataza moto wa mchana unapata wa usiku.

Kijijini kwetu tuliandika sheria ndogo: tarehe za kuchoma, njia za kuzuia moto, vijana wa zamu, na kuwajulisha vijiji vya juu. Karatasi ilipelekwa ofisi inayohusika ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Bado iko huko. Wewe una mwenyekiti wako wa kijiji na sisi tuna wetu. Waandike barua moja, ya Kibosho na ya kwetu, zipelekwe pamoja kabla masika hayajakatika. Ukikubali, niandikie faragha nikutumie nakala.

Mangi wa Kibosho
Tuma. Nitaisoma, na kama tarehe zenu zinavuka mwezi wa saba nitaipinga.