Kurekodi makangaga ya asili msitu wa Kakamega: naomba ushauri

Mwana_Isiukhu: Wadau, hamjambo. Kikundi chetu kinataka kufuatilia makangaga (ferns, mimea isiyotoa maua) kando ya mto Isiukhu mwaka hadi mwaka. Picha zetu za simu hazitambuliki spishi. Tupige vipi, na tuhesabu vipi?

Spora_Magharibi: Kazi njema sana hii. Picha ya jani kwa juu haitoshi kabisa. Ligeuze: alama za kahawia mgongoni ni vifuko vya spora (chembe za kuzaliana), na hivyo ndivyo hutaja jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu. Kwa Asplenium ni mistari iliyofuata mishipa. Kwa Pteris viko ukingoni, vimefunikwa na ukingo uliokunjwa. Kwa Dryopteris ni madoa yenye kifuniko cha umbo la figo. Weka rula kando. Kisha piga kikonyo chini kabisa, penye magamba, halafu mmea mzima na ulipoota: udongo, mwamba au gome. Jani lisilo na spora andika "tasa", usibahatishe jina.

Mraba_Kwa_Mraba: Kuhesabu ndiko wengi hukosea. Makangaga mengi hutambaa: shina moja la ardhini hutoa majani hapa na pale, ukadhani ni mimea kumi. Hesabu majani, au kadiria asilimia ya ardhi iliyofunikwa ndani ya mraba wa mita 2 kwa 2. Cyathea manniana, lile kangaga lenye shina kama mti, pima urefu wa shina na idadi ya majani mabichi.

GPS ya simu chini ya miti hupotoka hata mita 10, kwa hiyo pimeni pia mahali pa mraba kwa utepe na dira kutoka miti miwili mikubwa. Rudini mwezi uleule, Juni hivi, baada ya mvua ndefu. Wakati wa kiangazi, Januari na Februari, baadhi ya yale ya juu ya miti hujikunja, yakaonekana yamekufa kumbe yako hai. Mraba mtupu andikeni 0. Mkiuacha wazi, mwakani hakuna atakayejua kama hamkuona au hamkufika.

Mwana_Isiukhu: Asanteni. Na sampuli?

Spora_Magharibi: Kibali kwanza: sehemu ya msitu ya Buyangu iko chini ya KWS (shirika la wanyamapori), ya Isecheno chini ya KFS (shirika la misitu), na utafiti huhitaji leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi). Msing'oe. Chukueni jani moja lenye spora, tena penye mimea mingi tu, mlikandamize katikati ya magazeti na kuyabadilisha kila siku, la sivyo litaota ukungu. Na mkikuta Platycerium, kangaga liotalo juu ya miti, msianike mahali pake mtandaoni. Wapenda mapambo huyabandua mitini.