Ndama dume wa ng'ombe wa kisasa wasiuzwe mnadani kabla hawajaachishwa maziwa. Wafugaji wa Tanga mnasemaje?

Mwanzisha mada, Muheza

Ndugu wafugaji, nasema waziwazi: halmashauri za mkoa wetu zizuie ndama dume wa ng'ombe hao wa maziwa kuingizwa mnadani kabla hajafikisha miezi mitatu.

Anayemnunua ni mtu mwenye ekari moja au mbili, kavutiwa na bei poa. Haambiwi kwamba huenda ndama yule hakushiba dang'a, yale maziwa ya kwanza mama akishazaa, na kinga yake yote imo humo. Utumbo wa ndama hupokea kinga hiyo vizuri saa 6 za kwanza. Zikipita saa 24, hata ukimnywesha ndoo, kinga hiyo karibu haiingii tena mwilini. Mnadani anafungwa pamoja na ndama wa mabanda mengine, kila mmoja na vijidudu vyake, juani, bila maziwa. Akifika nyumbani anapewa uji wa pumba ambao tumbo lake bado haliwezi kuusaga. Anaanza kuharisha, macho yanadidimia, ukimfinya ngozi ya shingo inabaki imesimama vilevile. Bwana mifugo akija na dripu, gharama yake inapita bei ya ndama.

Tumezoea hivyo tangu miradi ya mitamba (majike ambao hawajazaa) ya mkopo: deni la ng'ombe lililipwa kwa mtamba, dume hakuhesabika. Lakini naye ni kiumbe, na ni nyama.

Mfugaji, Pongwe

Dada yangu, uchungu wako nauelewa, ila piga hesabu. Lita 4 kwa siku, siku 90, ni lita 360. Hata lita ikienda kwa shilingi 1,000, nimemnywesha 360,000. Nani atanipa pesa hiyo kwa ndama dume wa miezi mitatu? Maziwa ninayouza kituoni ndiyo ada ya watoto wangu. Mkinizuia kumuuza, wengi watawaacha wafe bandani, na hilo hakuna afisa atakayeliona.

Mnunuzi, Mkinga

Mimi hununua, na wanakua. Kwanza natazama kitovu: kikiwa kibichi, ndio kwanza kazaliwa, simgusi. Natazama mkia na mapaja kama yamechafuka kwa kuharisha, kisha namtia kidole mdomoni; mdomo wa baridi au asiyenyonya kidole, namwachia mwenyewe. Siku ya kwanza nyumbani anapata maji ya chumvi na sukari ya vuguvugu, maziwa yanaanza kidogokidogo, na analala peke yake pakavu, mbali na mifugo mingine.

Wengi huangushwa na kupe. Ndama aliyezaliwa bandani hajawahi kukutana nao. Ukimfungulia malishoni moja kwa moja, ndigana kali inamkuta: tezi chini ya sikio zinavimba, homa, anahema kwa shida. Chanjo ipo, tumieni.

Faida yangu ni Idi ya kuchinja. Ng'ombe wa udhhiya sharti atimize miaka miwili, kwa hiyo simuuzi mapema. Majani ya mabingobingo na ya mti wa lusina, na mashudu ya nazi vinamtosha kunenepa. Lakini kwa kweli, siku hizi napita mabandani kwa wafugaji. Pale namuuliza mwenyewe kama ndama kanyonya dang'a, na mama yake namwona.

Mwanzisha mada

Kaka wa Pongwe, si lazima iwe lita 4 hadi mwisho. Mwezi wa kwanza 4, wa pili 3, wa tatu 2, huku majani laini na pumba vikiongezwa taratibu: lita 270. Bado ni hasara, sikatai. Ila hasara hiyo leo unamtwisha mnunuzi, naye hajui. Kama hutaki mtamba kutoka kwa ng'ombe wako, mpandishie mbegu ya nyama kama Boran. Dume atakayezaliwa atakuwa na soko.

Na aliyosema mnunuzi wa Mkinga yananifanya nipunguze dai. Miezi mitatu tuijadili, lakini kitovu kibichi kisivuke geti la mnada, na muuzaji aeleze ndama kanyonya lini. Kitovu afisa mifugo anakikagua kwa macho tu.

Mfugaji, Pongwe

Kitovu kikavu naunga mkono, hata kesho. Miezi mitatu, hapana, mpaka mniambie maziwa yale atayalipia nani.