Siku 12 zimebaki na animesheni yangu haijafika hata nusu, nikate nini?

kalamu_ya_mkaa:
Wakuu habari zenu. Niko mwaka wa mwisho, filamu ya kuhitimu naifanya peke yangu kwa Blender, ile programu ya animesheni ya 3D, dakika 3, ni ya bibi anayeuza vitumbua alfajiri na mjukuu wake. Shoti zilizokamilika ni 7 kati ya 26. Juzi nimeacha laptopu inarenda, yaani inatoa picha za mwisho, kwa Cycles (injini ya Blender ya mwanga halisi ila ya polepole) usiku kucha, fremu moja, yaani picha moja ya filamu, inakula kama dakika 3, saa kumi umeme ukakatika na betri yenyewe imeshachoka, naamka faili la video la mp4 halifunguki kabisa. Nililia jamani. Hii hadithi ni ya bibi yangu mwenyewe, sitaki kukabidhi kitu nusunusu.

fremu24:
Pole sana mdogo wangu. Usirende tena moja kwa moja kwenye mp4, toa picha za PNG, kila fremu na faili lake, umeme ukikatika kwenye ya 611 unaendelea na 612. Halafu piga hesabu, dakika 3 kwa fremu 24 kila sekunde ni fremu 4,320, kila moja dakika 3, hizo ni saa 216, siku 9 mashine haijazimwa na bado hujamaliza kuanimeti. Hamia Eevee, injini nyingine ya Blender, ya haraka. Taa utazipanga upya maana mwanga hautoki sawa na wa Cycles, ila kwa giza la alfajiri na moto wa jiko inatosha kabisa. Na shoti ambayo kamera haisogei, mandhari ya nyuma irende mara moja tu kama picha.

dada_sauti:
Mimi ningeishusha mpaka sekunde 90. Panga picha za storibodi, ile michoro ya kila shoti, pamoja na sauti, itazame yote, shoti ambayo ukiitoa mtu bado anaelewa, itoe hata kama unaipenda. Kulinganisha midomo na maneno kutakumalizia siku, bibi aongee kageukia jiko, sisi tuone mikono. Ule mkono unaozungusha kitumbua kwa kijiti, mafuta yanachemka pembeni, hapo ndipo uweke siku mbili zako nzima. Na mafuta rekodi ya kweli, nenda kwa mama yeyote anayekaanga asubuhi, muombe, simu inatosha.

kalamu_ya_mkaa:
Asanteni mno. Eevee fremu ya jikoni imetoka kwa sekunde 14! Shoti nimepunguza, hata ile ya daladala iliyonichukua wiki nzima nimeitoa, imeniuma ila zimebaki 11. Sasa mjukuu akitembea anaonekana anateleza kama yuko kwenye sabuni, tatizo nini?

fremu24:
Umemtembeza palepale halafu ukamsukuma mbele, hatua na mwendo havilingani. Mguu uliokanyaga usihame mpaka mwenzake uguse chini. Ila kwa siku ulizonazo, kamera imkate kiunoni, miguu isionekane, tusikie ndala tu.

kalamu_ya_mkaa:
Ndala ninazo mlangoni hapa, narekodi sasa hivi kabla majirani hawajaamka.