Niko kwenye kemo (dawa za kansa), je ni vibaya sisi kucheka nyumbani?

MamaBusia aliuliza:

Habari zenu jamani. Niko Busia upande wa Uganda, nina kansa ya titi, nimemaliza dozi mbili na kila baada ya wiki tatu napanda taxi kwenda hospitali ya Mulago, Kampala. Swali langu pengine mtaliona dogo lakini linaninyima usingizi.

Dozi ya kwanza nesi aliniambia ile dawa nyekundu itafanya mkojo uwe mwekundu kwa siku moja hivi, nisiogope. Mimi na uchovu wa safari nikasahau kumwambia baba watoto. Usiku nikajisaidia kwenye beseni kwa sababu choo kiko nje, asubuhi yeye akachukua beseni akamwage, mara nasikia yowe, kutazama dirishani mtu anakimbia barabarani na taulo kiunoni anaita boda, na boda wa stage yetu mnawajua, walikuja watatu kwa mara moja wakaanza kugombania nani anibebe. Banange nilicheka! Tangu siku ya majibu sikuwa nimecheka. Watoto wakaanza kucheka, baba yao na taulo lake naye akacheka, boda wakacheka bila kujua tunacheka nini.

Halafu mama mkwe akatoka jikoni akasema ugonjwa huu hauchezewi, mkiucheka mnauita urudi na nguvu. Tukanyamaza wote. Tangu siku ile nyumba imekuwa ya matanga, mtoto akitaka kucheka ananitazama usoni kwanza, na hilo linaniuma kuliko sindano. Na huyu mama ndiye anayenipikia uji, ananifulia, sitaki kumvunjia heshima hata kidogo. Nyinyi mliopitia mlifanyaje?

BintiBombo alijibu:

Pole sana dada yangu. Mimi ni wa titi pia, nimemaliza mwaka jana. Kwanza hilo la beseni, mwambie shemeji avae glovu kwa siku mbili baada ya kila dozi, na wewe choo kikishatumika kisafishwe vizuri, ile dawa inatoka na mkojo na haifai kugusa ngozi ya mtu mzima wa afya. Mimi niliambiwa hivyo na nikafuata.

Sasa kucheka. Nywele zangu zilianza kutoka kama wiki ya tatu, asubuhi mto umejaa. Nililia. Nikanyoa zote, nikakaa kitandani na kitambaa sitaki mtoto anione. Binti yangu wa P4, darasa la nne, akaingia bila hodi akaniangalia kichwa, akaniangalia tena, akasema "mama, sasa watakukubali shuleni kwetu." Mnajua shule zetu zinavyotaka watoto wanyolewe, yeye alikuwa analilia kusuka tangu P1! Alifurahi kweli, aliona tumekuwa sawa. Kitambaa nilikitupa pale pale ndani ya nyumba, nje nilikuwa navaa.

Na mukene, wale dagaa, eeh. Harufu ya mukene ilikuwa inanitapisha, nikaomba isipikwe kwangu. Wakakubali wote na heshima zao. Kumbe kila jioni wanaponiambia wanakwenda kusali wanakula mukene kwa jirani, wanarudi mstari mzima wananuka, baba mbele, nauliza wanasema hapana ni ziwa leo lina upepo. Ziwa gani Bombo?

Kuhusu mama mkwe usibishane naye. Anaogopa, anaona mwanae anaweza kubaki mjane wa kiume na watoto, hofu ya mzazi hutoka kama ukali. Wewe muombe akusimulie bwana wako alivyokuwa mdogo. Hakuna mama anayeweza kusimulia utoto wa mwanawe na uso mkavu.

MwanaWaAfande alijibu:

Mimi namuuguza mzee wetu hapa Arua, ana limfoma, kansa ya tezi. Alikuwa askari, Kiswahili chetu ni cha kambini mtanisamehe. Kila dozi anapewa na vidonge vya steroidi siku tano na hivyo vidonge havimpi mtu usingizi na vinaleta njaa kubwa. Siku ya pili saa tisa usiku nasikia "mguu pande! mguu sawa!" natoka mbio nafikiri mzee amechanganyikiwa, nakuta amewaamsha wajukuu wote sita, wamepanga mstari sebuleni, kila mmoja na bilauri ya maziwa, anakagua kucha. Kisha akaagiza chapati na mayai. Saa tisa! Tulipika tukala wote. Nilimuuliza daktari akasema vidonge ameze asubuhi pamoja na chakula, usingizi ukarudi kidogo, lakini wajukuu sasa wanalalamika gwaride limeisha.

Jambo moja nawaambia kwa dhati, mgonjwa ndiye anaanza. Kuna jamaa wa ukoo alikuja akamtania mzee juu ya kukonda kwake, mzee hakusema neno lakini hakula siku ile. Sisi wa nyumbani tunangoja yeye afungue mlango.

MamaWaKijana alijibu:

Mtoto wangu alikuwa na ule uvimbe wa kansa wa taya, Burkitt. Daktari alinieleza kuwa ni hapa hapa Mulago daktari Burkitt mwenyewe aliuandika mwaka 1958, na uvimbe huo unasikia dawa sana, mimi nilishikilia neno hilo. Baada ya dozi damu inapungua kinga kwa hiyo tuliambiwa kila mtu anawe mikono. Huyo mtoto akajifanya askari wa mlangoni, hupiti bila kunawa, na ukinawa ananusa mikono. Imamu wetu alikuja kuomba dua akarudishwa kwenye maji mara mbili. Alirudi, akanawa mpaka viwiko, kijana akasema "sasa pita."

Lakini muweke kipima joto nyumbani. Ikifika 38 hapo hakuna hadithi, ni hospitali usiku huo huo.

MamaBusia alijibu:

Nimesoma zote mara mbili. Glovu nimenunua leo.

Jana jioni nilifanya kama BintiBombo alivyosema, nikamuuliza mama mkwe baba watoto alikuwa vipi akiwa mdogo. Akasema alikuwa mtundu tu, akanyamaza, anachambua maharage. Baada ya muda akaanza mwenyewe, kumbe mume wangu akiwa na miaka sita aliogopa bata mzinga wa jirani mpaka akawa anakwenda shule akipita mtoni, na siku moja bata alimngoja mtoni. Hapo mama akashindwa kumaliza, maharage yakamwagika, watoto wakanitazama usoni, mimi tayari nimeinama nashika mto kifuani.

Baba watoto anasema ni uongo, hakukuwa na bata mzinga. Mama yake ameahidi kutuonyesha kovu kesho.